Neno Ulijualo Ndilo Likupotezalo: Msamiati Mgeni katika Usomaji wa Riwaya Teule

Hebu tuanze na sentensi hii, mpenzi msomaji: "Mzee alimgomba mwanawe mpaka jua likatua." Niliitunga mwenyewe kwa zoezi la kidato cha tatu katika shule ninayofundisha hapa Matuga, nikaitia katikati ya kifungu kifupi, kisha nikauliza swali la kawaida: eleza uhusiano uliopo baina ya wahusika hawa wawili. Mwanafunzi mmoja, msomaji mzuri na mwenye hati ya kupendeza, aliniandikia nusu ukurasa. Alieleza kuwa baba na mwana wana uhusiano wa karibu, kwamba baba hutenga wakati wa kuzungumza na mwanawe, na kwamba mwandishi anaendeleza maudhui ya malezi bora. Hoja tatu, kila moja na mfano wake. Sikuweza kumpa hata alama moja.

Aliyeketi naye dawati moja, msichana wa Kikamba kutoka upande wa Shimba Hills, aliandika mistari minne tu. Alisema baba ni mkali, mwana anaishi kwa hofu, na uhusiano wao umeingia ufa. Nilipomuuliza alijuaje, alijibu bila kuona haya: "Mwalimu, hilo neno sikulijua, nikalitafuta kwenye kamusi."

Mvulana yule ni Mdigo. Kwa Kidigo, kugomba ni kusema, kuzungumza. Ndiyo maana kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na shirika la BTL mwaka wa 2004 inaitwa *Mgombato*. Katika Kiswahili sanifu, kumgomba mtu ni kumkaripia, na kutokana na kitenzi hicho tunapata kugombana na kugombeza. Kijana hakukosa kwa kuwa hakusoma. Alikosa kwa kuwa hakuona sababu ya kusimama. Neno lilimjia likiwa limevaa sura ya mtu wa nyumbani, akalifungulia mlango.

Ninaitaja habari hii kwa sababu makala mengi kuhusu msamiati huzungumzia neno gumu, lile ambalo mwanafunzi hulitumbulia macho. Neno la namna hiyo halina hila. Linakuambia wazi kwamba hulijui, na hapo una hiari ya kulitafuta, kulikisia au kuliruka. Linalohatarisha ni neno unalodhani unalijua. Kwa watahiniwa wetu wa Pwani, ambao tangu utotoni wanaambiwa kwamba Kiswahili ni chao na hawana haja ya kufunzwa, hatari hii ni kubwa kuliko walimu wengi tunavyokubali. Nimewaona watoto wa Tiwi na Ng'ombeni wakisoma sura nzima ya riwaya kwa mwendo wa feri ya Likoni siku ya bahari shwari, bila kutua popote, na wakifika mwisho hawawezi kueleza ni kwa nini mhusika alilia.

Kosa la orodha

Nikiri kosa langu kabla sijataja la mtu mwingine. Miaka yangu ya kwanza ya kufundisha, kila tulipofungua sura mpya nilijaza ubao kwa maneno arubaini na maana zake. Wanafunzi walinakili. Ijumaa niliwapa jaribio, nao walipata thelathini na tano, thelathini na nane. Nilifurahi. Baada ya muhula mmoja tulirudi kwenye sura ile ile kwa ajili ya maswali ya dondoo, na maneno yale yale yakawa mageni upya. Walikuwa wamejifunza orodha, hawakujifunza maneno. Neno lililotolewa katika sentensi yake na kuwekwa ubaoni ni kama samaki aliyetolewa majini: unaweza kumhesabu, lakini huwezi kumwona akiogelea.

Tena, hebu tupige hesabu. Wataalamu wa usomaji wa Kiingereza, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wanasema kwamba ili msomaji aelewe hadithi vizuri bila msaada, sharti ajue takriban maneno 98 katika kila 100. Utafiti huo haukufanywa kwa Kiswahili, na neno letu moja hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwani *nimekwishamwambia* ni neno moja tu. Lakini tuuchukue kama kipimo cha kukadiria. Ukurasa wenye maneno 300 utakuwa na maneno sita mageni kwa msomaji aliye tayari. Anayejua 95 kwa 100 atakutana na kumi na matano. Riwaya ya kurasa 200 itampa wa kwanza maneno mageni 1,200, na wa pili 3,000, hata tukikubali kwamba mengine hujirudia. Hakuna mtahiniwa mwenye masomo mengine saba atakayefungua kamusi mara elfu tatu. Akijaribu, ataichukia riwaya kabla ya sura ya pili.

Kwa hivyo swali si jinsi ya kuyajua maneno yote. Ni lipi linastahili kusimamiwa. Usomaji wa kwanza, mimi huwaambia wanafunzi wafunge kamusi. Wasome sura nzima wakiwa na penseli, wachore mstari mwembamba chini ya neno lolote linalowakwaza, kisha waendelee. Sura ikiisha ndipo tunarudi. Neno lililojitokeza mara tatu tunalitafuta. Neno ambalo tukio zima linaning'inia juu yake tunalitafuta. Jina la aina fulani ya ndege aliyepita angani mara moja tunamwacha apite zake.

Neno la kwanza kusimamiwa ni lile lililo kwenye jalada. Inasikitisha jinsi mtu anavyoweza kufundisha kitabu miaka miwili bila kuuliza jina lake lina maana gani. Tulipoanza *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi, riwaya iliyochukua nafasi ya *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei katika vitabu teule, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama wachapishaji walikosea, walitaka kusema *nguo*. Darasa lilicheka. Niliwauliza waliocheka nguu ni nini, na kimya kikatanda. Nguu ni kilele cha mlima. Sasa unganisha kilele na jadi: kitu kilicho juu, kigumu kupanda, kilichorithiwa. Kabla hujasoma ukurasa wa kwanza umeshapata swali la kwenda nalo, nalo ni bora kuliko maana kumi za kunakili.

Hali kadhalika, *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora haieleweki kwa anayejua dagaa tu. Ni msemo, na msemo hautafutwi neno kwa neno. Kuna pia maneno ambayo hakuna kamusi itakayokupa. *Walenisi* ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka wa 1995, imebeba jina ambalo mwandishi aliliunda: wale-ni-sisi. Mtahiniwa aliyezoea kukimbilia kamusi atapekua mpaka kesho. Aliyezoea kulisema neno kwa sauti, polepole, atalisikia likijifungua lenyewe.

Kulivua neno nguo zake

Wanafunzi wengi wasioipenda kamusi hawaipendi kwa sababu hawajui pa kuingilia. Wanatafuta *alivyotahayarishwa* chini ya herufi A, hawalioni, wanafunga kitabu. Kamusi yetu hupanga vitenzi kwa mzizi, kwa hivyo lazima neno livuliwe nguo kwanza. Ondoa *a-* ya nafsi, *-li-* ya wakati, *-vyo-* ya namna. Kisha uje mwishoni: *-w-* ni kutendwa, *-ish-* ni kusababisha. Kilichobaki ni *tahayari*, kuona haya. Mhusika alifanywa aone haya, na aliyefanya hivyo ni mtu mwingine. Tazama jinsi sarufi ya karatasi ya pili inavyomsaidia mhakiki wa karatasi ya tatu: viambishi vimekwisha kukuambia nani mkosaji na nani mkosewa.

Usivue kupita kiasi, lakini. *Aliliwazwa* limewahi kunipa mchezo wa kuigiza darasani. Mwanafunzi aliondoa *a-* na *-li-*, akabaki na *liwazwa*, akaamua kwamba mhusika *aliliwa*, tena na mtu aliyelazimishwa amle. Alikuwa tayari kuandika kuhusu ukatili. Mzizi ni *liwaza*, kufariji, kutuliza moyo. Ukishavua, jiulize kama ulichobakiza kinaingia katika sentensi. Mjane aliyeketi na majirani zake siku ya tanga, je, analiwa au anafarijiwa?

Nomino nazo zina mitego. Hutaipata *nyufa* chini ya N. Itafute kwenye *ufa*. *Mbavu* iko kwenye *ubavu*, *kuta* kwenye *ukuta*, *nyuso* kwenye *uso*. *Ndimi* ndiyo bingwa wa kupoteza watu. Katika "ndimi za moto zilipaa" ni wingi wa *ulimi*. Katika "ndimi niliyekuita" ni mkato wa *ndiye mimi*. Herufi tano zile zile, na yanayozipambanua ni maneno ya jirani tu.

Maneno ya jirani ndiyo tunayoyaita muktadha, na nadhani tunalitumia neno hili ovyo. Tunamwambia mtoto "angalia muktadha" kama kwamba muktadha ni kibandiko kilichobandikwa pembeni ya ukurasa. Tumwonyeshe. Chukua sentensi hii: "Alighairi safari, akaurudisha mkoba chumbani, akavua viatu." Asiyejua kughairi na aone kilichofuata: mkoba umerudi, viatu vimevuliwa. Mtu huyu amebadilisha nia. Ukisia umetimia bila kamusi, na mwanafunzi aliyefika hapo kwa miguu yake halisahau neno hilo upesi. Nimewahi kukutana na mwongozo mmoja wa riwaya uliofasiri kughairi kuwa ni kusahau. Mkoba huo angeusahau vipi naye ndiye aliyeurudisha? Miongozo ina faida yake, sikatai, lakini mwanafunzi anayeisoma badala ya riwaya hana mahali pa kuyapimia maelezo yake.

Hata hivyo muktadha hudanganya pia. "Alitabasamu alipomwona bintiye, ingawa uso ulikuwa umesawijika." Kwa sababu ya tabasamu, nusu ya darasa langu walisema kusawijika ni kung'aa. Walilirukia *alitabasamu* wakaiacha *ingawa*. Kiunganishi hicho kidogo kilikuwa kinapiga kelele kwamba linalokuja ni kinyume: uso ulikuwa umekunjamana na kupoteza nuru kwa dhiki. Kwa hivyo sheria yangu ni kukisia kwanza, kuandika ukisio kwa penseli, kisha kuuhakikisha. Anayekisia bila kuhakikisha anacheza bahati nasibu. Anayehakikisha bila kukisia anasahau kabla ya chakula cha jioni.

Utajiri ulio uani

Nisije nikaeleweka kwamba Kidigo ni adui. La hasha. Mwanafunzi wa Matuga ana ngazi ambayo wengine hawana, ila aipande akitazama chini. Panapo *t* katika Kiswahili, Kidigo mara nyingi kina *h*: moto ni *moho*, kiti ni *chihi*, kutenda ni *kuhenda*, kuleta ni *kureha*. Panapo *j* kuna *dz*: maji ni *madzi*, mji ni *mudzi*. Lakini mtu ni *mutu*, si *muhu*, kwa hivyo usiigeuze ngazi kuwa sheria ya serikali. Na *mudzi* unaomjia mtoto akilini ni boma la nyumba za ukoo chini ya minazi, ilhali *mji* wa riwaya unaweza kuwa na magorofa na msongamano wa magari. Akiuchora mji huo kama wa bibi yake, mgogoro wa kijijini na mjini, ambao riwaya nyingi umezibeba, utampita.

Upande mwingine, tazama kitenzi *amba*. Kwa Kidigo kuamba ni kusema, kama ilivyo katika Kiswahili cha mashairi ya kale. Mtoto wa Golini akikutana na *waambao* katika shairi huelewa papo hapo, na wenzake wa bara wanapekua. Lakini katika Kiswahili cha leo kumwamba mtu ni kumsengenya. Upanga huu unakata kuwili.

Utajiri mkubwa zaidi uko jikoni na ufuoni. Waandishi wa Pwani na visiwani wametuachia riwaya zilizojaa vitu ambavyo mtahiniwa wa bara huvisoma kama mafumbo. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, ambaye *Utengano* yake ilitoka mwaka wa 1980 na ikasomwa na vizazi vya watahiniwa wa Kenya, hakuandikia watu wa kufafanuliwa kata au kifumbu. Mwanafunzi wa bara akisoma kwamba mwanamke "aliketi juu ya mbuzi akikuna nazi" ana haki ya kumwonea huruma mnyama. Wetu anajua kwamba ni kibao chenye meno ya chuma. Anajua kusi na kaskazi, tui na chicha, dema na ngalawa, makuti na upenu. Mwalimu mwenzangu, usiyapite maneno haya kwa kuwa kwako ni ya kawaida. Mwulize mwanafunzi yanafanya nini katika onyesho. Kwa nini mwandishi amemweka mwanamke huyu juu ya mbuzi wakati habari mbaya inapoletwa? Hapo msamiati umegeuka kuwa uhakiki.

Na ukipungukiwa, tuma watu kwa wazee. Ninalo zoezi la likizo: kila mwanafunzi achukue maneno matano ya riwaya akamuulize mtu aliyezidi miaka sitini, aandike jibu kama lilivyosemwa. Majibu hayafanani na ya kamusi, na mabishano yanayozuka muhula ukifunguliwa yananifundisha mimi mwenyewe.

Baada ya hapo, neno liandikwe. Sitaki daftari la safu mbili, neno na maana. Nataka sentensi ya riwaya nzima pamoja na ukurasa, nani anasema na anamwambia nani, ukisio wa kwanza hata kama ulikuwa wa kuchekesha, maana iliyothibitishwa, na sentensi moja ya mwanafunzi mwenyewe. Maneno manane kwa sura yanatosha. Daftari hilo lifunguliwe kesho yake, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi. Anayefanya hivyo atagundua faida asiyoitarajia: swali la dondoo linapomtaka aeleze muktadha, amekwisha kujizoeza kujibu ni nani msemaji na ni nani msemewa.

Mtahiniwa, mambo mawili kuhusu mtihani. Swali la mwisho la ufahamu katika karatasi ya pili hukutaka ueleze maneno "kama yalivyotumika". Maneno hayo mawili ndiyo swali lenyewe. Ukiulizwa *walighairi*, jibu ni *walibadilisha nia*, wala si *kubadilisha nia*. Umbo la jibu lioane na umbo la neno. La pili ni kuhusu insha. Mwaka mmoja, baada ya kufundisha kusawijika kwa bidii, nilisahihisha insha iliyoanza kwa kusema kwamba mwandishi aliamka asubuhi ya sikukuu *akasawijika kwa furaha*. Neno hulijui mpaka ujue mahali lisipokaa. Ikiwa hujalikuta walau mara tatu katika sentensi za watu wengine, liache daftarini likomae.

Mvulana wa kugomba alirudishiwa karatasi yake nikiwa nimeandika pembeni neno moja: *kamusi*. Hakuridhika. Alinifuata ofisini na kunieleza kwa adabu kwamba nyanyake anapotaka kumkaripia, kwanza husema, "Njoo tuzungumze." Nilikaa nikilifikiria hilo kwa muda. Alama sikumwongezea, lakini tuliliandika jibu lake daftarini, chini ya ukisio wa kwanza.